Alfriston Clergy House: nenda ukaangalie mbao

Mimi ni fundi seremala, kwa hiyo majumba ya makumbusho yaliyojaa sahani za kale na picha za mabwana wakubwa hunichosha upesi. Hii ya Alfriston, kusini mwa Uingereza, haikunichosha. Ni nyumba ndogo ya karne ya 14, kiunzi cha mwaloni, paa la nyasi, jirani na kanisa la kijiji. National Trust, shirika la Uingereza la kuhifadhi majengo ya kale, waliinunua mwaka 1896 kwa pauni 10, jengo lao la kwanza kabisa. Wakati huo ilikuwa hoi, na padri wa pale ndiye aliyehangaika kuitafutia wa kuiokoa.

Ukumbini inua macho. Hakuna dari, unaona hadi kwenye paa. Zamani moto ulikokwa katikati ya sakafu, bomba la moshi hakuna, moshi ukajitafutia njia huko juu. Halafu tazama maungio: ulimi wa mbao hii umeingia kwenye tundu la ile, kikapigiliwa kigingi cha mti, basi. Mwaloni ulichongwa ukiwa mbichi, ukaja kukaukia hapohapo ulipofungwa, ndiyo maana mihimili imejipinda na kona iliyonyooka huipati. Mimi mteja angenirudishia kazi hiyo siku ileile, na hii imesimama zaidi ya miaka 600!

Kati ya nguzo na nguzo ni fito zilizokandikwa udongo. Aliyekulia Tanga kama mimi hahitaji maelezo. Kilichonishangaza ni sakafu: chaki iliyopondwa, ikashindiliwa, ikazibwa kwa maziwa yaliyochacha. Nilipiga goti nikaipapasa, ngumu kabisa. Pia kuna jani la mwaloni lililochongwa kwenye mbao ukumbini, na inasemekana nembo ya shirika ilitokana nalo.

Vyumba ni vichache. Anayetaka kushinda kutwa nzima ategemee bustani, ambayo wapenda maua wataifurahia kuliko mimi. Ukitoka London kwa treni, shuka Berwick, kijiji hakiko mbali. Hakikisha kwanza siku za kufunguliwa. Kama nawe ni fundi, beba tochi, maana maungio ya juu yako gizani hata mchana.