TAHADHARI: Muuza shajara ya Indiana Jones anayesema yuko Mbeya

Kamwene wadau. Jambo hili nimelikalia wiki tatu kwa aibu, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiwaonya wenzangu wasipigwe.

Mnaokusanya nakala za vitabu vya kwenye filamu mnaijua ile shajara ya Profesa Henry Jones, baba yake Indiana Jones, kutoka Indiana Jones and the Last Crusade ya 1989. Mimi vitabu vyangu huwa natengeneza mwenyewe hapa Iringa. Karatasi nalowesha kwenye chai ya Mufindi, naanika, nashona kwa uzi uliopakwa nta ya nyuki, juu navalisha ngozi ya mbuzi. Hii shajara ilinishinda. Michoro ni mingi na mkono wangu mzito. Nikampata jamaa anayejitangaza kuwa fundi wa Mwanjelwa, Mbeya. Bei 145,000: laki moja kwanza, inayobaki mzigo ukishapakiwa kwenye basi.

Picha zake zilikuwa nzuri, na hapo ndipo nilipolala. Kwenye picha ya pili, ukutani nyuma ya kitabu, kuna soketi ya matundu mawili ya duara. Sasa nyumba gani Mwanjelwa ina soketi ya hivyo? Zetu ni matundu matatu bapa. Picha ilipigwa Ulaya huko, kazi ya fundi mwingine kabisa, huyu kaikwapua tu. Niliitazama labda mara hamsini nikilitamani jalada, ukuta sikuuona.

Nikatuma hela. Jina lililotokea kabla ya kuthibitisha muamala lilikuwa la mwanamke. Akasema ni shemeji yake, nami nikabonyeza. (Msinicheke.) Siku ya nne akatuma picha ya risiti ya basi, nikamalizia 45,000, jioni nikashuka stendi ya Igumbilo kuchukua mzigo.

Ndani ya boksi: kaunta buku. Imevishwa reksini ya kahawia, ile ya viti vya bodaboda, gundi bado inanata. Ukiinua pembeni unaona kitambaa cheupe upande wa chini. Ngozi halisi ukiikata unakuta nyuzinyuzi zake yenyewe. Kurasa zimechapwa kwa printa na kubandikwa juu ya mistari ya daftari. Kilichonichoma zaidi ni madoa ya uzee, nayo yamechapwa! Duara la kikombe cha kahawa liko ukurasa wa tatu, liko wa tisa, liko wa kumi na tano, kona ile ile, limekatika pale pale. Karatasi iliyozeeka kweli huanza kuiva ukingoni, hewa na mwanga vinapoingilia, katikati ikabaki na weupe wake. Hii ilikuwa kahawia moja toka juu mpaka chini. Nikadondoshea tone la maji kwenye saini ya Hitler (kwenye filamu anaisaini shajara hiyo), ikachuruzika.

Halafu kurasa zilikuwa pungufu. Nilipomuuliza akanijibu: "Mkuu, hata kwenye filamu zilichanwa." Nakiri hapo nilicheka. Ni kweli kwenye filamu Indiana Jones alichana kurasa za ramani akampa rafiki yake Marcus Brody. Lakini kwangu ramani ilikuwepo, tena mara mbili. Zilizokosekana ni za katikati.

Sasa sikilizeni janja yake, ndiyo iliyonifanya niandike. Nilizoea kwamba tapeli ni yule anayekula hela akazima simu. Huyu mzigo anatuma makusudi. Ukilalamika, anatoa risiti ya basi kwamba umepokea, na kesi inageuka kuwa mabishano ya ubora kati ya muuzaji na mteja. Kituo cha polisi niliulizwa swali moja tu: makubaliano ya ngozi yameandikwa wapi? Tuliyaongea kwa simu. Meseji zinataja "kile kitabu" basi.

Kwa hiyo kabla ya kutuma hata senti, dai video fupi: kitabu kimeshikwa mkononi, kinafunuliwa, na pembeni karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo. Fundi wa kweli haoni taabu, mimi wateja wangu nawatumia hata video ya kushona. Mambo ya ngozi gani, kurasa ngapi, zimeshonwa au zimegundishwa, yawe kwenye meseji. Anayekwambia kitabu kilitumika kwenye filamu yenyewe, kwa laki na nusu, usipoteze naye bando. Na salio lilipwe ukishafungua boksi mbele ya wakala wa basi, hata kama foleni nyuma yako inanung'unika.

Namba yake nimeripoti 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Hapa siiweki, kwa sababu anabadilisha laini kila mara. Mtambueni kwa picha. Juzi ile ya soketi imerudi na jina jipya. Sasa anasema yuko Njombe, na bei imepanda hadi 160,000.