Kishikio cha paundi 8 dhidi ya vichupa vya vitamini: uzoefu wangu na askari 24 wa Tanga

Kishikio hiki cha kushikia visanamu wakati wa kuvipaka rangi nilikinunua Januari, na hadi sasa kimeshika askari 24 wa madini, kila mmoja wa milimita 28, kwa hiyo naona nina haki ya kukisema. Kwa asiyejua mambo haya: huku Uingereza kuna watu wazima, mimi nikiwemo, wanaopaka rangi visanamu vya askari kisha wanavipiganisha mezani kwa futi na dadu. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Leicester. Nilipogundua kwamba vita vya Tanga vya Novemba 1914 kati ya Wajerumani na Waingereza, vile ambavyo kwetu nyuki waliowauma askari wanasifiwa kuliko mizinga ya vita, vina visanamu vyake, pochi ilifunguka yenyewe.

Kifaa chenyewe ni mpini mnene wa plastiki unaojaa kiganja, na juu yake kuna taya mbili zenye springi za kubana kitako cha kisanamu. Kabla ya hapo nilikuwa nashika kwa vidole. Ubaya wa vidole ni mafuta: nikifika kwenye mikanda, khaki ya kofia imeshachubuka nchani na madini yanang'aa, narudi kuanza upya. Na usiku wa pili kidole gumba kinakufa ganzi. Kwa mpini, hayo yote yalikwisha. Unazungusha mpini badala ya kupinda kiwiko, kidole kidogo cha mkono wa brashi kinaegemea mpini huohuo, viwiko viko mezani, na mkono hautetemeki. Macho ya askari nimeyapata hivyo. Zamani nilikuwa nawaacha wote kama wamesinzia.

Kasoro sasa. Springi imetengenezwa kwa ajili ya visanamu vya plastiki, vyepesi. Vya madini ni vizito. Nilimgeuza afisa kichwa chini nipake chini ya ukingo wa kofia, kitako kikateleza, bwana mkubwa akatua kwenye kikombe changu cha chai ya maziwa, na mtutu wa bastola ukapinda. Tangu siku hiyo naongeza tone la gundi kati ya kitako na taya, jambo ambalo kwa paundi 8 sikutegemea kulifanya.

Lakini kasoro kubwa zaidi ni kwamba kiko kimoja, na askari ni wengi. Kazi ya kikosi haiendi kwa kumaliza mmoja mmoja. Unachukua rangi moja, unawapitia wote, halafu rangi inayofuata. Ukiwa na kishikio kimoja, kila dakika mbili unabana na kubandua, na kila ukibandua unagusa rangi mbichi.

Hapo ndipo vichupa vya vitamini vilipoingia. Jirani yangu, mama mmoja mzee, humeza vitamini kama karanga, naye alinipa vichupa vitupu vinane. Kila kisanamu nilikibandika juu ya kifuniko kwa ile gundi laini ya buluu ya kubandikia mabango. Havikunigharimu kitu, na ukiweka mchanga kidogo ndani, kichupa hakipinduki. Onyo moja tu: usiviache karibu na hita. Mimi niliviacha, gundi ikalegea usiku, na asubuhi nikakuta askari watatu wamelala kifudifudi kwenye zulia.

Kupaka wanane wanane hakukuja kwa bahati. Usiku wa kwanza nilijaribu kuwapaka wote 24 kwa mkupuo, na kufika wa kumi na sita nilikuwa nachukia khaki na aliyeigundua. Nilipojaribu wanne, nilimaliza mapema nikawa nakaa kutazama rangi ikikauka. Kwa nane, nikimaliza khaki ya wa mwisho, ya wa kwanza imeshakauka na naweza kumgusa. Hiyo ndiyo hesabu yote: idadi ipangwe na ukaukaji wa rangi, si na ukubwa wa jeshi. Mimi natumia rangi za akriliki za kampuni ya Vallejo. Rangi yao iitwayo English Uniform kwangu ndiyo khaki, nikiipunguza makali kwa nyeupe kidogo mabegani na magotini.

Hatari ya kupaka kwa mafungu ni kwamba kila mtu anakuwa pacha wa mwenzake. Na hili linanigusa, maana maelekezo mengi ya huku yanampaka askari wa Kiafrika kahawia moja bapa, kama buti. Jeshi la Wajerumani lilikuwa na Wasudani, Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Kwa hiyo ngozi naipaka kwanza kabisa, kabla ya nguo, na nachanganya rangi tatu: moja yenye wekundu, moja ya kahawia ya kahawa, moja nyeusi zaidi yenye buluu kwa mbali. Katika nane, watatu, watatu, wawili. Kisha kila uso unapata mwanga wake kwenye paji, pua na mashavu, na hapo ndipo namtoa askari kwenye kichupa namhamishia kwenye kishikio, kwa sababu kazi ya uso inataka mkono uliotulia.

Kwa hiyo kishikio nakipa nyota tatu. Kama una pesa ya kimoja tu, nunua kwa ajili ya nyuso na maafisa, na kwa kikosi kusanya vifuniko. Rangi ya kwanza ya kupuliza haihitaji hata vifuniko hivyo: bandika wanne wanne kwenye kijiti cha mbao, uache nafasi ya vidole viwili kati yao, la sivyo ubavu mmoja unabaki mtupu.

Sasa mezani kuna Rajput wanane wa kikosi cha 13, wale walioletwa na Waingereza kutoka India, bado wa kijivu kuanzia kilemba hadi kiatu. Nimempelekea jirani maandazi. Amesema vichupa vingine vinne viko njiani.