Fundi wa pete Kisumu aliyeniokolea jiwe langu (nyota 4 kati ya 5)

Mimi ni msusi, niko Kondele, na pete yangu ya uchumba nilikua naivaa kazini kila siku. Najua wasusi wenzangu mtasema pete ya jiwe si ya kuvaa ukisuka na mko sawa kabisa, lakini hii nilivalishwa Dunga mamangu akiwa amesimama hapo akilia, kuiweka kwa droo ilikua inaniuma. Sasa kama mwezi mzima hivi kila nikisuka kuna mteja anaruka kwa kiti, "ai mama, unanivuta!", naangalia mkono sioni kitu. Nikafikiri ni kucha zangu ndefu, nikakata zote. Bado. Siku moja namvua mtoto wa dadangu sweta, uzi ukanasa kwa pete na kabla nishtuke nusu ya mkono wa sweta imefumuka, ndio nikajua kumbe shida iko hapo kwa kidole.

Pia rangi ilikua imenichanganya. Ni dhahabu nyeupe, ina jiwe la kijani katikati, tsavoraiti, na vialmasi viwili vidogo sana pembeni. Ile weupe ilikua imeanza kugeuka njano upande wa kiganja, na mawe yamekua na ukungu hivi, kama kioo cha bafu mtu akitoka kuoga.

Nilianzia duka moja hapo tao, silitaji. Walichukua pete wakaingia nayo chumba cha nyuma, dakika kumi ikarudi inang'aa, shilingi 800. Hakuna mtu aliniuliza kitu. Mimi ndio nikauliza, hii njano ni ya nini? Bosi mwenyewe akatoka, akaigeuza mara moja, akasema hii si dhahabu mama, ni chuma kimepakwa rangi na rangi imeisha, lakini anaweza kunisaidia, aichukue yeye anipe elfu nne. Nikatoka hapo magoti yakilegea. Ni kwa matatu ndio nikaanza kujiuliza, kama si dhahabu, yeye elfu nne anataka kuipeleka wapi? Lakini hiyo swali haikunipa usingizi. Usiku nilimwangalia mchumba wangu akila ugali, mtu amejinyima karibu miaka miwili, nikashindwa hata kumwambia nilienda.

Mteja mmoja namsuka kila mwisho wa mwezi ndiye alinielekeza kwa huyu mzee. Yuko barabara ya nyuma ya Oginga Odinga Street, ngazi iko kando ya duka la vitambaa, unapanda ghorofa ya kwanza, mlango wa mwisho. Jina lake na namba aliniomba nisiweke na nitaheshimu. Ni kaduka kadogo kweli, meza moja, dirisha moja, mizani ndogo ndani ya kioo. Kazi alifundishwa na sonara Mhindi hapo hapo Kisumu akiwa kijana.

Kitu cha kwanza kabla hata ya salamu kuisha aliiweka pete kwa mizani, akaandika kwa risiti gramu 3.12, akanipa risiti nishike mimi. Akasema ukimwachia mtu pete bila kuipima umemwachia na moyo wako. Halafu akaweka kale kalenzi kake kwa jicho, akanyamaza muda mrefu, akaniita. "Mama, kuja uone mwenyewe."

Ndani ya pete kuna namba ndogo sana, 585. Nimevaa hii kitu mwaka na zaidi sijawahi kuiona. Akanieleza pole pole, hiyo ni sehemu 585 za dhahabu kwa kila sehemu 1000, yaani karati 14. Ingekua 750 ni karati 18, 375 ni karati 9. Alaa! Na hakuna dhahabu inayotoka ardhini ikiwa nyeupe, zote ni njano, hii huchanganywa na nikeli au paladiamu ipauke, kisha inapakwa rodiamu juu, madini ya ukoo wa platinamu, ndio ipate ule weupe wa kumetameta. Rodiamu inalika. Mwaka, miaka miwili, kulingana na mkono unafanya kazi gani, inaisha na njano inachungulia. Alijaribu pia na dawa yake ya kupimia akanithibitishia. Jamani nililia hapo kwa kiti cha mzee wa watu. Akaninyamazia tu mpaka nikamaliza.

Halafu shida yenyewe. Jiwe langu limeshikwa na vikucha vinne, na kimoja kilikua kimeinuka, ukitazama kwa lenzi kimejikunja kama kidole kinachoita mtu. Na kwa hicho kikucha kulikua na unywele wa mtu umejizungusha mara tatu hivi, mweusi, bado unang'aa mafuta. Hicho ndicho kilikua kinawavuta wateja wangu. Akachukua kasindano, akageuza pete chali, akachokoa chini ya jiwe, ikatoka kitu kama udongo wa kijivu, laini. Nikainusa. Jeli yangu! Jeli, mafuta ya nywele, dawa, yote imejazana pale chini mwaka mzima, na ile duka ya 800 hawakuigusa, walisafisha juu tu.

Hapo ndio nilielewa kitu sikua najua. Mwanga huingia kwa jiwe na kurudi machoni, sasa kukiwa na uchafu chini mwanga haurudi vizuri, unaweza sugua juu hadi kesho. Na almasi ndio mbaya zaidi kwa sababu inapenda mafuta, inayashika, hadi migodini walikua wanapitisha changarawe kwa meza iliyopakwa grisi, mawe mengine yanapita na maji almasi zinanata. Ndio maana vialmasi vyangu vilikua vimefifia kuliko lile la kijani.

Nikamuuliza mbona haweki kwa ile mashine ya altrasoniki ya kutetemesha maji, naiona hapo kwa kona. Akasema hiyo ikitetemesha jiwe ambalo kikucha kimelegea, linatoka. Kwanza kukaza, kusafisha baadaye. Na mvuke hataki kabisa kwa hili jiwe, ni aina ya garneti, joto la ghafla linaweza kulipasua. Kama ni zumaridi hata hiyo mashine hatumii, nyingi huwa zimejazwa mafuta kwa nyufa na yanatoka. Mzee anajua mawe. Aliniambia la kwangu linaitwa hivyo kwa sababu ya Tsavo, lilijulikana kwanza Tanzania 1967, baadaye likapatikana huku kwetu Taita Taveta, jina likaja 1974. Mimi nilijua tu ni kijani na ni langu.

Akakaza kikucha, akapima tena kwa lenzi, akagusa jiwe na ncha ya sindano kuona kama linacheza. Halikucheza. Kikucha cha pili kimelika lakini akasema hakijafika pa kurekebishwa, nirudi baada ya mwaka aongezee dhahabu, angeweza kunilipisha siku hiyo na nisingejua. Kisha maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, dakika ishirini. Tukingoja akanipigia stori ya dhahabu ya Kakamega ya miaka ya 1930, vile wazungu walimiminika na vile mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952. Mchumba wangu ni wa Lurambi, nilitamani angekua hapo asikie. Akamalizia na mswaki laini wa mtoto, anapiga kutoka CHINI ya jiwe, akasuuza ndani ya bakuli, si kwa sinki. Alipoikausha na kuiweka kwa mwanga wa dirisha, ile kijani nilikua nimeisahau kabisa. Mizani ikasema 3.10. Hiyo gramu 0.02 iliyopungua ni jeli yangu.

Polishi alikataa kunipigia. Kila polishi inakula dhahabu kidogo, na vikucha ndio huisha kwanza.

Sasa aliniuliza nafua na nini. Nikamwambia kila Jumamosi naloweka taulo za saluni kwa jiki, ile dawa ya klorini ya kutoa madoa, mikono ndani, pete ndani. Alishika kichwa. Klorini haigusi sana dhahabu yenyewe, inashambulia yale madini yamechanganywa nayo, na dhahabu nyeupe ya nikeli ndio inaumia zaidi, vikucha vinakua kama biskuti, siku moja kimoja kinakatika na jiwe linaenda na maji machafu. Wasusi, dobi, mama wa usafi, tafadhali, kama ni kitu kimoja mtachukua hapa mchukue hiki. Na msisugue na dawa ya meno wala jivu wala magadi, nilikua nafanya hivyo na mikwaruzo nimeonyeshwa. Hata vumbi la kawaida lina mchanga wenye ugumu wa 7 kwa kipimo cha mawe cha 1 hadi 10, tsavoraiti ni 7 hadi 7.5, almasi ndio 10, kwa hivyo hata kuipangusa kavu kwa leso ni kuikwaruza.

Bei: kusafisha 300, kukaza 700, rodiamu 3,500. Nyota moja nimeitoa kwa hiyo rodiamu. Yeye hapaki, anatuma Nairobi, aliniambia siku nne zikawa tisa, na siku mbili kati ya hizo simu yake ilikua imezimwa. Risiti yenye uzito nilikua nayo na picha nilikua nayo lakini usingizi sikua nao. Mzee, kama hii itakufikia, piga tu simu useme imechelewa, mtu atangoja. Iliporudi aliipima tena mbele yangu kabla hajanipa.

Saa hii nikifika saluni natoa pete naweka kwa kapochi ndani ya sidiria, jioni naivaa. Jumapili naiosha nyumbani kwa bakuli vile alinionyesha. Kwa fundi nitakua naenda kila miezi sita aangalie vikucha tu.

Jumapili hafungui. Enda kabla ya saa sita, dirisha lake linaangalia mashariki na mwanga ukiondoka mezani anakwambia urudi kesho.