Toyota IST ya cc 1290 kwenye milima ya Mwanza: mwaka mmoja na miezi minne

Kabla ya gari, biashara yangu ya dagaa ilikuwa inakwenda kwa miguu ya watu wengine. Nanunua gunia Mwaloni pale Kirumba, bajaji inanifikisha nyumbani Kiseke, nakaanga, nafungasha, halafu bodaboda wanagawana mizigo: huyu Igoma, huyu Nyegezi, huyu Buhongwa. Siku yenye oda nyingi nauli peke yake ilifika 22,000. Mvua ikinyesha, pakiti zinafika zimelowa na wenye maduka wanazirudisha. Nikaanza kudunduliza. Miaka miwili na nusu ya akiba, pamoja na mchezo wa akina dada wa mtaani kwetu, ikanifikisha milioni kumi.

Kwa pesa hiyo, madalali wa hapa Mwanza watakuonyesha magari matatu: Vitz, Passo na IST. Mimi niliishia kwenye Toyota IST ya mwaka 2004, cc 1290, namba za usajili za kundi D, iliyokuwa imetembea kilomita 128,000 na ushee.

Kaka yangu alinishauri niagize Japani. Nilikaa na kikokotoo cha TRA jioni nzima. Gari la umri ule linalipiwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa uchakavu asilimia 30 kwa kuwa limepita miaka kumi, na VAT ya asilimia 18 juu yake. Kodi inakimbizana na bei ya gari lenyewe, na bado hujalitoa bandarini wala kulileta Mwanza. Niliachana na wazo hilo usiku uleule.

Passo niliijaribu. Ni gari jepesi, mafuta inanusa tu, na kwa mtu wa kwenda ofisini na kurudi ningemwambia achukue. Ila ile ya cc 1000 ina silinda tatu, na nilipoipandisha Bugando tukiwa wanne, ilikuwa inaomba msaada. Mimi nabeba magunia. Vitz nayo nafasi ya mizigo nyuma ni ndogo kwa kazi yangu. IST ya kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, imejengwa juu ya msingi uleule wa Vitz, kwa hiyo spea zake utazikuta kila duka, lakini ukilaza viti vya nyuma unapata nafasi ya kweli.

IST ya kwanza niliyokaribia kuilipia ilikuwa nzuri mno. Nyeupe inayong'aa, viti vimevishwa kava mpya, ndani inanukia. Ilikuwa kwenye yadi moja mjini. Dalali ananiambia, "Dada'angu, hii weka mafuta uondoke. Imetembea 64,000 tu, alikuwa nayo mama mmoja mwalimu." Moyoni nilikuwa nimeshaipa jina.

Fundi wangu ni mzee mwenye gereji Nyakato. Rangi hakuiangalia kabisa. Alifungua mlango wa dereva, akainama kwenye nguzo ya mlango, akakwangua vumbi kwa kucha, kisha akaniita. "Mwanangu, njoo usome hapa."

Kulikuwa na kibandiko kidogo cha Kijapani, kile ambacho gereji za kule hubandika zikibadilisha oili. Herufi sikuzijua, ila tarakimu zinasomeka kwa yeyote: 22, kisha mwezi na siku, na chini yake 81,300 km. Mzee akanieleza kwamba 22 ni mwaka kwa hesabu ya Wajapani, wa enzi ya Heisei iliyoanza 1989. Unaujumlisha na 1988, unapata 2010. Maana yake gari lile lilikuwa limeshatembea kilomita 81,300 mwaka 2010, likiwa bado Japani, na leo mita inasoma 64,000.

Dalali alisema huenda kibandiko ni cha gari jingine. Nikamuuliza, sasa kimefikaje kwenye mlango wa hili? Hakujibu, akaanza kushusha bei. Tuliondoka. Njia nzima hadi Nyakato sikuongea, kwa sababu niliona jinsi nilivyokuwa karibu kumkabidhi mtu jasho la miaka miwili na nusu. Kilomita nyingi si kosa la gari. Ningelinunua la kilomita laki mbili kwa moyo mweupe kama ningeambiwa ni laki mbili. Ila aliyerudisha mita nyuma ameshanipokonya njia ya kujua ni lini oili ilibadilishwa, giaboksi imefanya kazi kiasi gani, nini kinakaribia kufa.

Tangu siku hiyo nikiona gari la Japani macho yangu yanaanza na nguzo ya mlango na chini ya boneti. Kama vibandiko vimebanduliwa vyote, naangalia mpira wa pedali ya breki na ngozi ya usukani. Pedali iliyolika hadi chuma haiwezi kuwa ya kilomita elfu sitini.

Gari la pili lilikuwa Kitangiri, la mwenyewe, zuri, bei nzuri. Kadi ya gari aliyonionyesha ilikuwa kopi. Kadi halisi iko kwa mkopeshaji, akataka nimpe pesa akaikomboe kwanza. Nilimshukuru nikaondoka.

La tatu lilikuwa la mtumishi aliyehamishwa kituo cha kazi. Rangi ya paa imefifia, bampa la nyuma lina mkwaruzo wa urefu wa kiganja. Aliomba milioni 9.8. Mzee alimpigia simu jana yake, akamwomba asiiwashe asubuhi mpaka tufike, na hilo ndilo ombi la maana kuliko maswali yote utakayomuuliza muuzaji. Injini iliyopashwa moto huficha mengi.

Tulifika saa moja. Mzee aliweka kiganja juu ya boneti: baridi. Akafungua kifuniko cha oili akatazama chini yake kama kuna utando wa rangi ya chai ya maziwa, maana huo ungesema maji yanaingia kwenye oili. Hakuna. Ikawashwa, ikashika kwa mara ya kwanza. Nyuma ya ekzosi nikasimama mimi, nimeagizwa niangalie moshi: wa bluu ni oili inaungua, mweupe usiokatika hata injini ikipata moto ni maji. Ulitoka mvuke kidogo wa asubuhi, ukaisha.

Halafu akavuta mkanda wa kiti hadi mwisho kabisa. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia gari lililozama maji unaweza kuliosha ndani mpaka linukie marashi, lakini watu husahau sehemu ya mkanda inayojikunja ndani, na mstari wa tope hubaki pale. Anayeishi hapa anajua Mto Mirongo ukifurika unavyofanya pale Mabatini, kwa hiyo si jambo la kulipuuza. Tukainua na zulia, tukagusa chuma. Kikavu, bila kutu. Kutu ya chini ndiyo ninayoiogopa kwa magari yaliyoishi miaka mingi pwani, chumvi ya bahari inayala taratibu. Ziwa letu ni maji baridi, na gari lililokulia huku lina nafuu hiyo.

Namba ya chesisi ilianza na NCP60. Hapo ndipo unajua bila kuambiwa: NCP60 ni injini ya 1.3, NCP61 ni ya 1.5, na NCP65 ni ya 1.5 inayovuta magurudumu yote manne. Kuna watu wanauziwa ya 1.3 kwa bei ya 1.5 kwa sababu hawajainama kusoma.

Kisha tukapanda Bugando, watu wanne, AC imewashwa. Katikati ya mlima mzee akaniambia nisimame, kisha niondoke tena. Alikuwa anaisikiliza giaboksi: kama inachelewa kushika, kama inapiga teke ikibadilisha gia ikiwa na moto. Ilibadilisha kimya. Kwenye shimo la gereji ndipo tulipokuta ya kukuta: shokapu mbili za mbele zinavuja na bushi zimekwisha. Tairi mbili zilikuwa na meno mazuri, lakini ubavuni zimeandikwa 3214, yaani wiki ya 32 ya mwaka 2014. Tairi la umri huo, hata kama linapendeza, sitalipandisha barabara ya Musoma. Yote hayo tuliyaweka mezani, tukafunga kwa milioni 9.3.

Kabla ya kulipa niliangalia deni la faini za barabarani kwa namba ya gari. Kulikuwa na makosa matatu, elfu thelathini kila moja, akalipa mwenyewe siku hiyohiyo. Mkataba tuliuandika mbele ya wakili, na umiliki niliuhamisha TRA wiki hiyo, kwa kuwa kadi ikibaki na jina la mtu mwingine, siku akifariki au akidaiwa wewe ndiye utakayehangaika. Bima ndogo nilikata kwa 118,000. Shokapu za mtumba wa Japani, bushi, plagi nne, kulanti na mafuta ya giaboksi vilinigharimu 640,000 pamoja na ufundi, na tairi mbili mpya 260,000. Nilikopa laki nne kwa dada yangu kumalizia. Kwa hiyo kijana mwenye milioni kumi asiangalie gari la milioni kumi. Aangalie la tisa.

Sasa maisha nalo. Injini hii, 2NZ, ina cheni na si mkanda, kwa hiyo hakuna ile gharama ya kubadilisha mkanda kila baada ya kilomita maelfu kadhaa. Inachodai ni oili, kwa wakati. Nabadilisha kila kilomita 5,000, galoni ya lita nne inatosha na inabaki kidogo. Mafuta nimeyapima kwa kujaza hadi juu na kujaza tena: mjini nikiwa na mzigo, lita moja inanipa kilomita 11 hadi 12. Safari ya Musoma bila AC ilinipa 16. Kwa mzunguko wangu wa siku, kama kilomita 50, nachoma 13,000 hivi, inapanda na kushuka kidogo EWURA wakitangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ukilinganisha na ile 22,000 ya nauli, tofauti ndiyo inayolipa oili na bima.

Usumbufu upo. Mita zimewekwa katikati ya dashibodi, si mbele ya dereva, na wiki mbili za kwanza nilikuwa namuuliza abiria mwendo wangu. Redio yake ya Kijapani inaishia FM 90, na stesheni ninazozipenda ziko juu ya hapo. Nilimlipa fundi umeme akanifungia kifaa cha kuzishusha. Mlimani na mzigo, nazima AC, siwezi kusema uongo. Nikishuka Bugando naweka gia ya 2 ili injini ishike mwendo na breki zisichemke.

Lililoniumiza zaidi lilitokea mwezi wa saba. Nilikuwa mbali na Nyakato, nikaingia gereji moja wanisaidie kuongeza mafuta ya giaboksi. Wakamimina yaliyokuwepo dukani. IST hii inataka aina ya T-IV, na imeandikwa kwenye kitabu chake. Baada ya siku chache gari likaanza kupiga teke kila likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili. Mzee alimwaga yote, akajaza T-IV, akarudia baada ya wiki. Likapona, lakini 180,000 zilikwenda. Tangu hapo chupa moja ya T-IV inakaa kwenye buti.

Kama unaishi juu ya mawe kule Isamilo au Mabatini ambako njia ni mapande ya miamba, au kazi yako ni ya vijijini wakati wa masika, IST itakusumbua. Iko chini. Kwangu Kiseke, sehemu ya mwisho ya barabara naipita kwa kuchagua kila jiwe, na bado nimebadilisha bushi mara ya pili. Kwa mtu wa mjini, wa Nyegezi, Pasiansi, Igoma, Buzuruga, mwenye pesa ya jasho na asiye na pesa ya kubahatisha, sijaona gari la bei hii ningelipendekeza mbele yake.

Mama yangu yuko Sengerema. Zamani kwenda kumwona ilikuwa siku nzima, foleni ya kivuko Kigongo, jua, vumbi. Daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita tatu, limefunguliwa Juni 2025, na Jumapili iliyopita niliondoka Kiseke baada ya misa, nikavuka Busisi madirisha yakiwa wazi, nikafika chakula cha mchana hakijaiva. Nilimpelekea kilo tano za dagaa na mfuko wa unga. Aliizunguka IST mara mbili, akapapasa ule mkwaruzo wa bampa, akaniuliza kama haumaanishi lolote. Nikamwambia hapana, mama, hiyo ni ngozi tu.

Jumatatu alfajiri, mita ikiwa 149,160, nilichomoa kijiti cha oili kabla ya kwenda Mwaloni. Bado iko kwenye alama ya juu.