Soksi ndefu za kilti: sufu ya Hawick kwa bei ya kubebeka

Mtu akivaa kilti, ile sketi ya kitamaduni ya wanaume wa Scotland, macho ya watu huenda miguuni kwanza. Ndiyo maana soksi nazichagua kwa makini kuliko hata koti. Hapa Glasgow utapata pea za takriban pauni 10 kwenye maduka ya watalii, nyingi zikiwa za akriliki tupu. Niliwahi kununua moja. Ilinichemsha miguu ukumbini, na ilipofuliwa mara chache tu ikaota vinundu vya nyuzi kisigino kizima.

Pea ninayoivaa sasa ni ya sufu iliyochanganywa na nailoni, rangi ya kijani cha chupa, imefumwa Hawick, mji wa kusini mwa Scotland wenye sifa ya ufumaji. Niliipata kwa pauni 24 kwenye punguzo. Sufu inapitisha hewa, nailoni inalinda kisigino na vidole visitoboke upesi. Kilichonifurahisha zaidi ni urefu: nina mashavu ya miguu manene, na bado inafika chini ya goti ikabaki na sehemu ya kutosha kukunja juu ya mpira wa kuishikilia. Nimecheza nayo ceilidh, dansi ya kijamii ya Kiskoti, hadi usiku wa manane, haikushuka hata kidogo! Sgian dubh, kile kisu kidogo kinachochomekwa ndani ya soksi, kinakaa imara mguu wa kulia.

Nyeupe siishauri, inashika uchafu haraka. Chukua rangi iliyomo kwenye tatani yako, yaani kitambaa cha mirabaraba cha kilti. Fua kwa maji baridi, kisha ilaze kivulini ikauke.