HEC-RAS kwenye Mto Msimbazi: uzoefu wangu wa miezi minne

HEC-RAS ni programu ya kompyuta ya kuhesabu jinsi maji ya mto yanavyotiririka na kufurika. Kwanza bei: bure. Imetengenezwa na kituo cha wahandisi wa Jeshi la Marekani kilichoko Davis, California. Unaipakua bila leseni wala kuombwa kadi ya benki, ila iwe Windows.

Hadi toleo la 5.0 lilipotoka 2016, ilikuwa ikihesabu maji kwa kufuata urefu wa mto tu. Msimbazi ukijaa pale Jangwani, Dar es Salaam, haufuati mto, unatanda mpaka barabarani, kwa hiyo mimi nilifuata hesabu za pande mbili, urefu na upana.

Siku ya kwanza nusura niifute. Niliweka milinganyo kamili ya mwendo wa maji, vijumba (vipande vinavyogawa ramani) vya mita 5 na hatua ya muda, yaani kila baada ya muda gani inahesabu upya, ya sekunde 30, nikaenda kunywa chai. Kurudi, kina cha maji kimepita paa za maghorofa. Kosa ni langu: maji yanayokwenda mita 2 kwa sekunde husafiri mita 60 katika sekunde 30, yaani yaliruka vijumba 12 kwa mpigo. Niliposhusha hadi sekunde 2 ikatulia, lakini laptopu ilinguruma usiku kucha kama mashine ya kusaga.

Angalieni hapa: ukiiacha ilivyokuja, inatumia milinganyo iliyorahisishwa isiyo na msukosuko wa maji hata kidogo. Kwenye tambarare ni sawa, ila darajani inakudanganya. Nilipowasha msukosuko, vishale vya mkondo nyuma ya tuta la daraja vikaanza kujizungusha, palepale ninapoonaga chupa za plastiki zikizunguka bila kuondoka. Nilicheka peke yangu.

Ila kila kijumba kina kasi moja tu, kuanzia juu ya maji hadi chini. Ule mkondo unaopiga mbizi mbele ya nguzo na kuchimba mchanga wa msingi, HEC-RAS haiuoni. Huo unataka OpenFOAM, programu inayohesabu pande zote tatu, nayo ya bure, ila kwa laptopu yangu labda nguzo moja, tena kwa subira.

Kilichonisumbua zaidi ni mkwaruzo wa Manning, namba inayoonyesha jinsi uso wa mto unavyokwamisha maji. Zege laini 0.013, mto wenye majani kama 0.035, vitabuni sijaona mstari wa mto uliojaa taka. Nilikisia 0.05, maji yakapanda.

Naipa nne kwa tano. Na data ya mwinuko ya setilaiti msiiamini mjini: kwangu mabati ya nyumba yalihesabiwa kuwa ardhi, maji yakazunguka mtaa mzima kama kisiwa.