Wasaidizi wa kisheria wa kituo cha polisi: nyota nne

Nawapa nyota nne wasaidizi wa kisheria wanaokaa kwenye kituo cha polisi mtaani kwetu hapa Kampala. Huduma ni bure, hawaombi hata ya chai.

Mdogo wangu alikamatwa Ijumaa jioni kwa tuhuma za wizi wa simu, yeye na vijana wengine waliokuwa stendi ya boda. Wenye mjomba mwenye gari waliondoka usiku uleule. Yeye akabaki, maana ni Mkongomani, Luganda hajui, Kiingereza hajui, na mimi muuza vitenge sikuwa na "pesa ya karatasi" niliyodaiwa kaunta. Ukutani palepale pana bango linalosema dhamana ya polisi ni bure.

Jumatatu asubuhi nikampata dada wa msaada wa kisheria. Hakupoteza muda kunipa pole. Aliomba maelezo aliyosaini mdogo wangu, akamsomea kwa Kiswahili, sentensi moja moja. Alipofika penye "nilipoona polisi nikakimbia", kijana akashtuka: "Hapana, dada! Nilisema nilikuwa nakimbilia boda." Afande alimkamata kwa Kiswahili, akamhoji kwa Kiswahili, akaandika kwa Kiingereza. Polisi na jeshi la Uganda wanaongea Kiswahili tangu enzi za mkoloni, na marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili, lakini mtu anapoandikiwa maneno yatakayomfunga, hakimo. Hilo linaniuma kuliko ile pesa.

Dada akasema kwa heshima: "Afande, ibara ya 23 ya Katiba inataka aambiwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, na saa 48 za kumfikisha mahakamani zilikwisha jana." Hapakuwa na kelele. Maelezo yakaandikwa upya, mimi nikatumwa kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, kufuata barua, na jioni mdogo wangu akalala nyumbani.

Wengi wanadhani kila mshtakiwa hupewa wakili na serikali. Katiba inamhakikishia hivyo mwenye shtaka la adhabu ya kifo au kifungo cha maisha. Kesi ya simu haimo. Mwenye hela atatafuta wakili wake, sisi wengine tumebaki na hawa wasaidizi, na ukiwa mgeni usiye na ndugu mjini unawahitaji mara mbili.

Nyota moja nimeizuia kwa sababu mbili. Fomu zao ni za Kiingereza na Luganda tu, ofisi inayohudumia Wakongomani wengi hivi! La pili ni zito zaidi: wanafunga Ijumaa jioni hadi Jumatatu, na misako mtaani kwetu hufanyika Ijumaa usiku. Saa 48 zote zinakwisha mlango ukiwa na kufuli. Najua ni wachache na wamechoka, ila namba moja ya simu ya wikendi ingewaokoa vijana wengi.

Wapo mlango wa pili baada ya kaunta, kuanzia saa tatu asubuhi. Nenda na nakala ya kitambulisho cha ndugu yako na barua ya LC, umwulizie dada anayeongea Kiswahili. Na ndugu yako asisaini chochote kabla hajasomewa.